Jiko Lisilo na Moshi

Mimi ni Phoebe, na nitawaambia kosa langu bila kuficha. Nilikaribia kumuua mtoto wangu nikimpikia maharagwe.

Tunaishi mtaa wa Woodley, mimi, mume wangu Oloo na binti yetu Ivyne, wa miaka saba. Jumamosi moja ya Julai, baridi ikiwa kali, stima zilipotea mtaa mzima. Oloo alikuwa kazini Kilimani, anapaka rangi. Maharagwe yangu yalikuwa kwenye jiko la umeme, bado magumu kama kokoto. Basi nikawasha jiko la makaa nje, karibu na mlango.

Mvua ikaanza. Nikangoja makaa yakolee, moshi uishe wote, kisha nikaingiza jiko sebuleni. Mama alinifunza hivyo: moshi ukiisha, jiko ni salama. Nikafunga mlango na madirisha. Nyumba ikapata joto, nami nikajisifu.

“Mama, kichwa kinaniuma,” Ivyne akasema. Alikuwa anachora karibu na jiko.

“Ni njaa hiyo. Ngoja kidogo, maharagwe yanakaribia kuiva.”

Hata mimi kichwa kilikuwa kinagonga. Nikadhani ni uchovu. Punde Ivyne akatapika. Nikainuka nimshike, miguu ikakataa.

Hapo mlango ukabishwa. Ilikuwa sauti ya jirani yetu Wavinya, ambaye ni muuguzi.

“Hodi, Mama Ivyne! Kwenu pia stima zimepotea?”

Sikuweza kujibu. Akafungua mlango, akaona jiko, akapiga kelele.

“Woi! Tokeni nje! Tokeni!”

Akambeba Ivyne hadi nje kwenye mvua, akarudi akanivuta mkono. Mtoto alikuwa amelegea, macho amefumba. Yawa! Nililia mpaka sauti ikakauka.

“Wavinya, amekula nini mtoto wangu?”

“Si chakula, ni makaa! Yakiwaka hutoa hewa ya sumu. Huioni wala huinusi.”

“Lakini hakukuwa na moshi hata kidogo!”

“Ndiyo maana watu wanakufa! Makaa mekundu bado yanatoa sumu, hata moshi ukiisha. Hata ukifungua dirisha, jiko la makaa halifai ndani. Ukisikia kichwa kinauma, kizunguzungu au kutapika, wote mtoke nje mara moja, halafu hospitali.”

Alikuwa ananifokea huku akipiga simu kutafuta gari. Sikumlaumu.

Hospitalini Ivyne aliwekewa oksijeni. Oloo alifika mbio, rangi bado mikononi. Daktari akatuambia, “Mngechelewa kidogo tu, tungempoteza.” Ivyne alipofumbua macho na kuitisha maji, Oloo akaanza kulia mbele ya watu.

Tuliporudi nyumbani, Oloo alijenga kibanda nyuma ya nyumba: mabati juu, pande zote wazi. Makaa tunapikia huko, mbali na mlango na madirisha, na jiko linabaki huko hadi majivu yapoe kabisa.

Wiki tatu baadaye stima zikapotea tena. Upepo ukaleta mvua hadi ndani ya kibanda. Oloo, kwa haraka zake, akainua jiko akakimbilia mlangoni.

Ivyne akasimama hapo, mikono ameitanua.

“Baba, hapana! Hilo haliingii hapa!”

Oloo akageuka, akalirudisha kwenye mvua. Mchana huo tulikula mkate na ndizi, wote watatu.