Chumba Kilichoandikwa Stoo

Kibanda cha kuchajia simu kilifurika watu jioni ile, kila mmoja akidai yake itolewe kwanza. Fundi cherehani, gauni lake la maua likiwa bado na nyuzi za kazini, alinyoosha mkono achukue simu yake. Mkono mwingine ukaiwahi.

"Dada, hiyo yangu," alisema kijana aliyevaa fulana ya njano ya mradi wa sola.

"Yako ina ufa kama huu?"

Akaigeuza. "Haina. Basi nipe namba, nimjue niliyetaka kumwibia."

Fundi alicheka, na zilikuwa siku nyingi hajacheka. Katika mji ule hakuwa na ndugu wala jamaa.

Wakazoea kupigiana simu. Fundi alimwita kijana yule Karani, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kuandikisha vyumba vya mtaa wa bondeni vitakavyowekewa umeme wa jua bure. Naye akamwita Fundi wangu.

"Umekula?"

"Nashibia sauti yako."

"Utakonda, shauri yako."

Kisha chaji ya simu ya Fundi iliisha, naye akabaki gizani na maneno aliyokuwa hajamaliza. Upweke ulimrudia palepale, kana kwamba ulikuwa ukingoja nje. Kila Karani alipomsindikiza waliagana njia panda. "Nakaa kwa shangazi, mkali kweli," Fundi alidanganya. Hakuwa na shangazi yeyote. Alikuwa na chumba cha uani kisicho na waya wala taa, na alikionea aibu.

Orodha ya mradi ikabandikwa ukutani. Wapangaji wenzake wote walikuwemo. Penye chumba chake, namba saba, paliandikwa: stoo.

Akapiga simu.

"Karani, nyumba ya geti la bluu aliiandikisha nani?"

"Mimi. Kuna nini?"

"Chumba cha saba uliingia?"

"Kilikuwa na kufuli. Tuliambiwa tufuate waya. Kisicho na waya tunaandika stoo."

"Mimi ndiye ninayekaa humo."

"Si ulisema unakaa kwa shangazi?"

"Nilidanganya, nakubali. Lakini wewe hukuuliza hata jirani. Mchana niko kazini, ndiyo maana kuna kufuli. Miaka minne nalala humo, Karani, na umewapa umeme wenye umeme."

Safari hii alikata mwenyewe, chaji ikiwepo.

Wiki mbili hakupokea simu zake. Alishona, akarudi, akala peke yake mbele ya kibatari. Alimkumbuka mpaka akajichukia.

Jumamosi mchana, siku asiyokwenda kazini, mtu akabisha hodi. Alikuwa Karani, shati jeupe limenyooshwa, fomu kwapani. Akakitazama chumba: kitanda, ndoo, kibatari, kuta nyeusi kwa moshi. Macho yakamlowa.

"Mpenzi, nisamehe. Kwangu kuna umeme. Tuoane, uhamie kwangu, haya yaishe."

Ndilo neno Fundi alilokuwa akiliota kila chaji ilipoisha. Hata hivyo alitikisa kichwa.

"Nikihamia kwako, hiki kitabaki stoo, na atakayepanga baada yangu hatahesabiwa. Umeandika stoo ngapi mtaa huu?"

"Kumi na tisa."

"Zote zina watu?"

"Sijui." Aliinama. "Nimemwambia bosi kosa ni langu. Amenipa mpaka Jumatatu nipate saini za wanaokaa humo. Baada ya hapo orodha inafungwa."

"Kwa hiyo ulitaka kunioa ili upunguze moja?"

Karani alicheka huku akijifuta macho. Akaketi juu ya ndoo, akatoa kalamu.

"Chumba namba saba. Kinatumika kwa nini?"

"Kuishi."

"Wanaishi wangapi?"

Fundi alitamani mno kusema wawili.

"Mmoja," alisema. "Andika mmoja, nitie saini. Ukimaliza hizo kumi na nane, rudi uniulize tena lile la kuoana."

Fundi akachukua kalamu, akaandika jina lake lote, polepole. Kisha akasimama mlangoni akimtazama Karani akivuka uwanja kwenda kwenye kufuli la pili, naye akabaki peke yake chumbani mwake.