Hindi la Mstari wa Nne

Kila siku akitoka shule, Nukta alipitia kituo cha utafiti wa mbegu, akavua sare, akavaa gauni kuukuu na kuingia shambani kumsaidia shangazi yake. Nukta lilikuwa jina la utani tu. Kwa kimo chake, alipita kati ya mahindi bila kutikisa jani.

Kazi yake ilikuwa kuyavisha mahindi machanga mifuko ya karatasi kabla nywele hazijatoka. Shangazi, mtafiti wa mbegu, ndiye aliyekuwa mshenga. Alichagua mmea uliovumilia jua kali, akakung'uta chavua, ule unga wa ua lake la juu, akaupaka kwenye nywele za hindi alilolitaka, kisha akalifunika haraka.

"Mama, mifuko yote hii ya nini?" Domo, binamu wa Nukta, aliwahi kuuliza.

"Ya kuzuia wadoezi. Upepo unaleta unga wa mahindi ya shamba la pili, yale yanayonyauka jua likiwaka siku tatu. Hawa hawajaalikwa!"

Jumamosi moja Shangazi akiwa mjini, Domo alileta mpira. Walijua kucheza humo ni marufuku. Shuti moja tu, mpira ukapiga hindi la mstari wa nne, mfuko ukachomoka, nywele zikabaki wazi kwenye upepo. Wakatimua mbio kama waliochokoza nyuki. Jioni ndipo Nukta aliporudi kinyemela, akaurudisha mfuko na kuubana vizuri.

"Nani atajua?" alisema Domo. "Wewe nyamaza tu."

Nukta akanyamaza. Lakini tangu siku hiyo, kila akipita mstari wa nne alitazama pembeni.

Mahindi yakakauka, yakavunwa. Shangazi akapanga kumi mezani, kila moja na namba ya mstari wake.

"Misimu sita nimeyahangaikia haya," alisema. "Leo nayachanganya yote, yawe mbegu ya msimu ujao. Ikisimama vizuri, tunawapa wakulima waijaribu."

Nukta alilikodolea macho la nne. Punje nyeupe pee, sawa na wenzake. Domo akamkanyaga mguu chini ya meza. Shangazi akapukuchua la kwanza, la pili, la tatu. Punje zikalia kwenye beseni. Mkono ukaenda kwenye la nne.

"Shangazi, usilipukuchue!"

Nukta akaeleza yote: mpira, mfuko, nywele zilizoshinda wazi kutwa. Machozi yalimtoka kabla hajamaliza.

Shangazi akamgeukia Domo. "Na mpira ulikuwa wa nani?"

"Mimi nilikuwa naangalia tu," alisema Domo.

"Unaangalia kwa miguu?"

Nukta akajikuta anacheka na kulia pamoja. Shangazi akalichukua lile hindi, akalitupa kwenye gunia la chakula cha kuku. Pu!

"Basi?" Nukta aliuliza. "Kazi yote haijaharibika?"

"Imebaki na mahindi tisa, mwanangu. Tisa yanatosha." Shangazi akashusha pumzi ndefu. "Lakini sikieni. Kila unywele unapeleka unga kwenye punje yake. Humo kuna punje zenye baba mwingine, na kwa macho huzitambui. Ningezichanganya, ningezipanda, ukame ungekuja, mimea mingine ingesimama na mingine ingelala. Ningesema mbegu yangu mbovu, nikaitupa yote."

Domo aliinamisha kichwa. "Samahani, mama."

"Kosa likisemwa, linaishia kwenye hindi moja. Likifichwa, linapandwa. Mngekuja kuniambia jioni ileile, hata hilo moja lisingewasumbua miezi yote hii. Haya, futeni machozi, mnawe mikono. Yamebaki sita ya kupukuchua, na leo mimi napumzika, nyie ndio mtakaofanya kazi."

Nukta alivuta kiti. Kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi ile, njaa ilikuwa inamuuma kwelikweli.