Nipe Nizunguke Kidogo

Nilisimama kununua maji. Basi, hilo tu. Laiti ningevumilia kiu.

Jua lilikuwa linazama, mapaja yanawaka moto, na makalio sitaki hata kuyazungumzia. Ilikuwa siku ya kwanza ya safari yangu ya baiskeli, peke yangu, kutoka nyumbani mpaka mwisho wa nchi. Mke wangu, mama Kidoti, alicheka mpaka akakaa chini nilipomwambia. "Wewe? Unayehema ukipanda ngazi?" Lakini asubuhi ile ni yeye aliyenisaidia kufunga mizigo kwenye keria.

Duka lilikuwa peke yake kando ya barabara. Nilipotoka na chupa yangu nikamkuta mwanamume kasimama karibu na baiskeli. Mfupi, ananifika kifuani. Alinuka udongo uliolowa, na mvua haikuwa imenyesha.

"Kaka, nipe nizunguke kidogo."

Nani hajawahi kuombwa hivyo? Ukiwa na baiskeli nzuri halafu ukanyima, unaonekana una roho mbaya. Nikamshushia kiti mpaka chini, akapanda, akapotelea nyuma ya duka...

Kimya. Hata cheni haikulia.

Nilikuwa nimeanza kujitukana kimoyomoyo alipotokea upande wa pili, anatabasamu.

"Nyepesi," alisema. "Nyumbani umemwacha nani?"

"Mke na binti."

"Binti anapenda baiskeli?"

"Mno," nikajibu, na nikacheka. Mimi nikiulizwa habari za Kidoti huwa sina breki.

Alipoondoka, mwenye duka, mama mtu mzima, alikuwa ameshateremsha nusu ya dirisha. Aliinama akaninong'oneza kupitia uwazi uliobaki.

"Umempa?"

"Amezunguka tu, mama."

"Na ukamwambia una nani nyumbani?"

Hakungoja jibu. Dirisha likafungwa.

Nikakirudisha kiti kwenye kipimo changu. Bomba la kiti nimelizungushia utepe mwekundu, maana kikishuka hata kidogo magoti hunilipisha. Nikaendelea, nikalala gesti iliyokuwa mbele, baiskeli ikiwa uani. Asubuhi kiti kilikuwa chini kabisa.

Nilimwakia mhudumu wa gesti. Nani kaendesha baiskeli yangu usiku? Akaapa kwamba hakuna aliyeigusa. Sikumwamini. Alikuwa na uso wa mtu anayeficha kitu, au mimi ndiye niliyetaka kuuona hivyo.

Mji uliofuata niliingia nikimshuku kila mtu, hata mpishi aliyenikaribisha chai. Baiskeli nikaiingiza chumbani. Nikaifunga kwa mnyororo kwenye mguu wa kitanda, nikapiga kufuli, ufunguo nikaulalia.

Nilipoamka, kufuli lilikuwa vilevile. Mlango pia. Lakini matairi yalikuwa na matope mabichi. Nikayagusa.

Ya moto.

Na kiti kilikuwa kimepanda. Hakijafika kwenye utepe wangu, lakini hakikuwa tena cha mtu mfupi. Chumba kizima kilinuka udongo uliolowa.

Nilipiga simu nyumbani, nisijue hata nitasema nini.

"Baba Kidoti, hii ni safari gani ya kurudi kila usiku?" mke wangu akanitania.

"Una maana gani?"

"Mwanao anasema unakuja dirishani kumchukua mkazunguke na baiskeli. Eti juzi ulikuja mfupi kuliko mimi, jana umerefuka kidogo." Akacheka, kisha kicheko kikakatika. "Ndoto za watoto. Ila leo nimekuta shuka lake lina matope."

Nikayatazama tena yale matope kwenye matairi.

"Nisikilize. Leo lala naye. Funga madirisha. Mtu akija usiku, hata akiwa na sura yangu, hata akiongea kwa sauti yangu, usimfungulie."

"Unanitisha."

"Usimfungulie!"

Siku ile nilizunguka stendi nzima na sikupata gari la kunirudisha. Nikakesha kwenye kiti cha chumbani, nikiikodolea macho baiskeli iliyofungwa. Nilisinzia mara moja tu, nadhani. Nilipofumbua macho kulikuwa kumekucha, na kiti kilikuwa kimefika palepale kwenye utepe mwekundu. Siku nyingine ningefurahi. Safari hii nililia, maana nilielewa kwamba kilichokuwa kikiiendesha baiskeli yangu sasa kilikuwa na urefu wangu.

Nyumbani simu iliita bila kupokelewa. Ile baiskeli sikuigusa tena. Niliiacha na kufuli lake mguuni pa kitanda, nikapanda lori la mizigo, na njia nzima nikamwomba dereva akanyage mafuta. Aliniangalia kama mwizi anayekimbia.

Nilifika giza likianza kuingia. Taa ya sebuleni ilikuwa inawaka. Nikashusha pumzi.

Kisha nikaona ukutani, karibu na mlango...

Baiskeli yangu.

Niligonga kwa ngumi zote mbili.

"Nani?" Sauti ya mke wangu.

"Mimi! Fungua!"

Nilimsikia akihema upande wa pili wa mbao.

"Mume wangu yumo ndani," alisema. "Amefika mchana kweupe, na baiskeli yake. Wewe umekuja na nini?"

Nilikuwa nimekuja na lori, mikono mitupu.

"Mama Kidoti, ni mimi niliyekupigia simu! Ni mimi niliyekwambia usifungue!"

"Ndiyo maana sifungui," alijibu.

Nikasikia miguu midogo ikikimbia sakafuni. Binti yangu.

"Baba, nani huyo anayegonga?"

"Ni mimi, mwanangu!" nilipiga kelele.

Lakini hakuwa ananiuliza mimi. Kutoka sebuleni, kwa upole, sauti yangu ikamjibu.

"Hakuna mtu, Kidoti. Njoo tule."