Kikombe cha Kutokea

Milango ya nyumba za Bukoba haikuwa na kitasa wala tundu la ufunguo. Pembeni ya kila mlango palikuwa na kidirisha, na aliyetaka kutoka alisimama mbele yake akasubiri. Kidirisha kilifunguka, kikatoa kikombe kidogo cha kahawa ya moto, na mtu akanywa mafunda mawili matatu. Nyuzi nyembamba zilizofichwa kwenye ukingo wa kikombe zilisoma mate yake, mapigo ya damu midomoni, na ule mtetemo mdogo wa ulimi uliokutana na kitu unachokipenda. Mashine ikishajiridhisha, mlango ulisema, "Nenda salama," ukafunguka.

Mashine hiyo iliitwa Mlinzi-ladha. Aliyeibuni alikuwa Mhandisi Kokuhirwa, na asubuhi hiyo alikuwa amesimama mbele ya mlango wake mwenyewe, kanzu ya mumewe imekunjwa mkononi, akiambiwa neno ambalo hakuwahi kuambiwa na mashine yoyote.

"Samahani," mlango ulisema kwa upole. "Sikutambui."

Mumewe, Rwechungura, alikuwa amefariki jana yake mchana baada ya kuugua kwa miezi. Mwili ulikuwa umeshafikishwa nyumbani kwao Kamachumu, na mazishi yalikuwa saa nane. Marehemu alikuwa ameomba jambo moja tu, azikwe na kanzu aliyoivaa siku ya harusi yao. Koku hakutaka kumwagiza mtu. Alikuja mjini mwenyewe, akiendeshwa na wifi yake Kemilembe, akaingia ndani, akaichukua kanzu kabatini. Sasa ilibaki kutoka.

Akarudisha kikombe. Labda alikuwa amekunywa kwa haraka. Kidirisha kikatoa kingine, kahawa ileile aliyoijua kwa miaka, maziwa mengi, sukari na tangawizi kali. Akanywa taratibu.

"Samahani. Sikutambui."

Akajaribu tena. Safari hii mlango ulinyamaza kwanza, kisha vyuma vikasikika vikisogea ndani ya ukuta, kwenye madirisha yote, kimoja baada ya kingine. "Nyumba imefungwa," ilisema sauti ileile isiyokasirika. "Kituo cha ulinzi kimearifiwa. Tafadhali keti."

Koku hakuketi. Alijua vizuri kuliko mtu yeyote mjini kwamba kioo cha madirisha yale hakivunjiki kwa kiti wala kwa nyundo, maana ndiye aliyekichagua. Wazee walisema mchimba kisima huingia mwenyewe, lakini hawakusema kwamba akishaingia atakuwa anasifu uimara wa kuta.

Hakuwa mjinga alipoibuni mashine hii. Siku zile mji ulikuwa umeshikwa pabaya. Kwanza wezi walighushi nyuso, kisha sauti, kisha alama za vidole, mpaka ikawa mwizi anaingia kama mwenye nyumba na kutoka kama mwenye nyumba, na majirani wanampungia mkono. Koku ndiye aliyegundua kwamba mtu anaweza kuazima uso wako lakini hawezi kuazima kile unachokipenda. Kila mtu mzima alikuwa na alama ya ulimi, na alama hiyo haikubadilika. Kwa hiyo kuingia kukaachwa kuwa rahisi. "Mwizi aingie tu," alisema siku ya uzinduzi, na ukumbi ukapiga makofi. "Kutoka ndiyo kazi."

Kisanduku cha sauti kando ya mlango kiliwaka.

"Wifi, umelala humo?" Ilikuwa sauti ya Kemilembe, aliyekuwa amegoma kuingia. Alikuwa na msimamo wake kuhusu nyumba zinazofunga watu. "Jua linapanda. Kaka zangu wamepiga simu."

"Mlango haunitambui."

Kemilembe akasogea karibu na kioo. "Mlango wako?"

"Wangu."

"Mungu wangu. Na ukiuambia wewe ndiye uliyeutengeneza?"

"Kila mwizi angesema hivyo."

Kupitia kioo alimwona wifi yake akikaa kwenye ngazi, akatoa kijikapu kwenye mkoba na kutia buni mdomoni. Kemilembe alikuwa wa mwisho katika ukoo ule kutafuna kahawa. Bibi yake Koku naye alitafuna hivyohivyo, amwani, yaani buni zilizochemshwa na majani yenye harufu na kukaushwa juani, na mgeni hakuulizwa shida yake kabla hajapokea. Mama yake Koku aliona kutafuna ni ushamba. Yeye alinywa kahawa ya unga ya kopo, sukari vijiko vya kujaa na maziwa mpaka ikawa rangi ya biskuti, na kopo lilikaa mbele kabatini ili wageni walione. Buni nzuri za shambani kwake ziliuzwa zote zikapanda meli. Koku alipoolewa, watu walikuwa wamezirudia buni zao. Kila nyumba ilikuwa na kinu chake, na wanaume wazima waligombana kuhusu nani anajua kukaanga. Halafu akaja Mlinzi-ladha, na watu wakaacha kunywa kahawa kwa jirani, maana ladha ya ugenini ingeweza kuutegua ulimi wako ukalala ndani kesho yake. Kahawa iliyokuwa ya kumkaribisha mtu ikawa ya kutokea.

Koku akapiga simu kituo cha ulinzi. Msimamizi wa zamu alikuwa Mutalemwa, aliyewahi kuwa mwanafunzi wake.

"Mhandisi, pole sana kwa msiba," alisema Mutalemwa. "Nimeona nyumba yako ikiwaka nyekundu nikafikiri ni wezi wamesikia mna matanga."

"Ni mimi. Nifungulie."

"Najua ni wewe. Nakusikia. Lakini huku hatuna pa kufungulia. Ulikataa mwenyewe, mama. Ulisema njia ya nyuma ni mlango wa mwizi. Anayeweza kukutoa ni mwingine aliyesajiliwa kwenye nyumba hiyo."

"Aliyesajiliwa ni mume wangu."

Mutalemwa akaomba apewe muda kidogo atazame taratibu.

Koku akaegemeza paji la uso kwenye kioo. Alikuwa na hasira, na hasira yenyewe ilikosa pa kwenda. Miezi yote ya ugonjwa mlango ulikuwa ukisitasita kabla ya kumfungulia, naye akadhani nyuzi zinahitaji kusafishwa. Alizisafisha mara nyingi.

"Hicho kikombe kina nini ndani?" Kemilembe aliuliza kutoka nje.

"Kahawa yetu ya siku zote. Maziwa, sukari, tangawizi nyingi. Kama kaka yako alivyoipenda."

Kemilembe akaacha kutafuna. "Nani alikwambia kaka anapenda tangawizi?"

"Ndivyo alivyonipikia mara ya kwanza."

"Wifi, kaka hakuiweza tangawizi tangu mtoto. Mama akimpa ya kikohozi alikuwa anaificha shavuni, anakwenda kuitema mgombani. Nilipomwona anainywa kwenu nilimuuliza. Akaniambia, mke wangu anaipenda, niache."

Koku aligeuka akaitazama meza ya jikoni, viti viwili, kimoja kikiwa na mto wa mgongo. Miaka ishirini na zaidi.

"Mimi siipendi," alisema polepole. "Inaniwasha koo. Nilikunywa kwa sababu nilimwona anafurahi."

Kemilembe alianza kucheka, akacheka mpaka akashika ukuta, na katikati ya kicheko kilio kikamkamata. Koku naye alilia, upande wake wa kioo. Alimtaka mumewe arudi hata kwa dakika moja, amgombeze kwa tangawizi yote ile.

Machozi yalipopungua, akili yake ya kihandisi ilianza kufanya kazi bila kuombwa. Walisajiliwa pamoja, mezani, wakitazamana. Kila asubuhi walisimama pamoja mlangoni, bega kwa bega, wakanywa na kutoka. Kile ambacho mashine ilikiita alama ya ulimi wa Kokuhirwa hakikuwa ulimi. Kilikuwa furaha ya mwanamke anayemtazama mtu wake akinywa. Yeye alichukua vipimo vya maelfu ya watu majumbani mwao, wakiwa na wake zao, waume zao, watoto wao, na hakuwahi kujiuliza nani mwingine alikuwa mezani. Mashine haikukosea leo. Mwanamke iliyemjua alikuwa amekufa pamoja na mumewe.

Mutalemwa akarudi kwenye simu, sauti imepata nafuu. "Ipo njia, Mhandisi. Usajili mpya wa mfiwa. Hati ya kifo imeshaingia kwenye mfumo, kwa hiyo unaruhusiwa. Unakunywa kikombe kimoja sasa hivi, ulivyo, na hiyo ndiyo inakuwa alama yako. Mlango utafunguka papo hapo."

"Inatokea kwa wengi?"

"Wafiwa? Sana. Ripoti zinaiita mteguko wa ulimi. Mwanzoni wanasumbua, lakini wakishasajiliwa upya wanatulia kabisa. Alama zao ndizo thabiti kuliko zote mjini. Si uliwahi kutuonyesha ule mchoro darasani?"

Aliukumbuka. Aliuonyesha kwa fahari. Mistari ya watu wengine ilipandashuka kidogo mwaka hadi mwaka, lakini ya wajane ilinyooka kama kamba ya fundi mwashi. Alisema darasani kwamba umri huutuliza ulimi, na wanafunzi wakaandika.

Ghafla akamfikiria Bi Anastella wa nyumba ya pili, aliyefiwa na mume zamani, kabla hata barabara ya ziwani haijajengwa upya. Kila asubuhi, kabla hajatoka, mama huyo alisimama nyuma ya mlango wake akalia kwa sauti. Kisha mlango ulifunguka, akatoka macho makavu, kikapu mkononi, akawasalimu watu vizuri na kwenda sokoni. Majirani walimsifu. Walisema wanawake wa namna hiyo wamekwisha, ona mpaka leo hajamsahau mumewe.

Alikuwa anautafuta msiba wake kila asubuhi, ili mlango umtambue apate kwenda kununua chumvi.

"Mutalemwa," Koku alisema. "Usajili huo unaweza kurudiwa baadaye? Mtu akishapoa?"

"Hapana, mama. Ni mara moja tu. Vinginevyo tapeli angejisajili kila siku. Kifungu hicho ni chako."

"Na nikiomba kibadilishwe?"

"Utaomba kwenye Baraza la Mji. Watajadili. Wakikubali, kitawahusu watakaosajiliwa baada ya hapo. Waliokwisha kusajiliwa hawaguswi." Akakohoa. "Na kifungu hicho nacho ni chako."

Kemilembe alikuwa amesimama, simu sikioni, akisema na watu wa Kamachumu. Aliishusha. "Wifi, padri amefika na mvua inajikusanya. Wanauliza waanze, wamvalishe suti ya kaka mkubwa?"

Koku aliifikiria suti ile, pana mabegani, na mumewe akiwa ndani yake milele kama mtu aliyeazima. Aliitazama kanzu mkononi.

"Waambie wasubiri," alisema. "Nakuja nayo."

Akarudi kwenye kidirisha, akasema maneno ya kufungua usajili. Mlango ukauliza, "Ungependa kahawa gani?"

Hakujua. Mwanamke aliyeupa mji mzima ladha zake hakujua yeye mwenyewe anapenda nini, maana tangu aolewe hakuwahi kunywa kwa ajili ya mdomo wake. Angeweza kukaa siku nzima akijaribu, na siku nyingine labda angeifurahia kazi hiyo.

"Chungu," alisema. "Usitie kitu."

Kikombe kikatoka. Alikunywa akimwona Rwechungura kitandani hospitalini, akimwona Rwechungura mezani akimeza tangawizi na kutabasamu, na uchungu ukashuka kooni ukakutana na ule mwingine uliokuwa umetangulia. Nyuzi za ukingoni zilisoma kila kitu. Hazikuacha hata tone.

"Asante, mwenye nyumba. Sasa nakutambua," mlango ulisema. "Nenda salama."

Vyuma vikarudi ukutani. Upepo wa ziwa ukaingia, pamoja na harufu ya buni zilizotafunwa, na Kemilembe akapanda ngazi akamkumbatia yeye na kanzu kwa pamoja.

"Usilie sana, wifi. Utapoa huu msiba. Hakuna usiopoa."

Koku alimshika kwa nguvu. "Niombee usipoe," alisema.

Kemilembe alidhani ni mapenzi yanayosema, akamsifu moyoni, akamwongoza kwenye gari.