Asubuhi Isiyopita Shakwe

Kitendawili! Hupita mbele ya nyumba yako alfajiri, habishi hodi wala haachi nyayo. Umeshindwa? Haya, nipe mji nikwambie: ni shakwe, ndege wa baharini.

Kila asubuhi kabla ya shule, msichana aliyeitwa Kiroboto alipanda na shangazi yake juu ya paa la ghala, pale ufukwe unapopinda. Shangazi alikuwa mwajiriwa wa idara ya wanyamapori, kazi yake kuhesabu shakwe wanaopita. Yeye alitazama kwa darubini, Kiroboto akachora vijiti karatasini, kimoja kwa kila ndege. Kisha shangazi aliwapigia simu wakubwa wake kuwapa hesabu.

Siku moja shangazi aliamka na homa, akamtuma Kiroboto peke yake. Bahari ilikuwa tupu, haukupita hata unyoya. Wenzake wakapita chini wakielekea shule.

"Wee, Mhesabu Hewa! Umefikisha ngapi?"

"Mwacheni, anahesabu kope zake!"

Haya zikamshika. Akachora vijiti vya uongo mpaka karatasi ikajaa, akampelekea shangazi kitandani. Shangazi akapiga simu: "Wamepita kama kawaida."

Kesho yake shangazi alipata nafuu, wakaenda pamoja; ufukwe ulikuwa mweusi. Bomba la bandarini lilikuwa likivujisha mafuta tangu juzi, na shakwe walitapakaa mchangani, mabawa yamegandamana.

"Jana ulimwona hata mmoja?" shangazi akauliza.

Kiroboto akageukia bahari.

Shangazi akamtupia gunia. "Basi hesabu hawa. Hawa hawaruki."

Kiroboto akaokota mpaka vidole vikanata. Mmoja alikuwa bado anatweta.

"Shangazi, huyu mzima!"

Daktari wa mifugo, aliyetumwa na idara, akamkagua ndege, akatikisa kichwa. "Hatapona. Mshike mabawa, binti." Kiroboto akashika. Daktari akaizungusha shingo, ikalia ka! Mwili ukalegea mikononi mwake. Akalia kwa kwikwi, wala shangazi hakumbembeleza.

"Bomba wamelifunga leo," shangazi akasema. "Lingefungwa jana. Shakwe wasipopita, boti ya idara hutoka kwenda kutazama kuna nini. Sufuri nayo ni hesabu, mwanangu! Wewe uliogopa kuchekwa, wao wakafa." Akatoa simu. "Idara wanasubiri. Niwaambie jana ulimwona hata mmoja?"

Kiroboto akalitazama gunia.

"Hapana, shangazi. Sikumwona hata mmoja. Vijiti vyote nilivitunga mimi."