Tundu Moja Kitovuni

Kila jioni nikitoka shule nilikaa kando ya cherehani ya mama, nikishona vifungo na kuwatuliza wateja. Mama ni fundi hodari, ila mtaa mzima ulijua neno lake: "Njoo kesho." Mteja akija kesho yake, anaambiwa kesho. Mimi nilikuwa nacheka tu.

Siku moja tumbo lilinisokota hadi nikajikunja. Hospitalini walisema kidole tumbo kimevimba, lazima kitolewe. Nililia kwa hofu ya kisu. Mama akaenda kuzungumza na daktari wa upasuaji nje ya mlango, akarudi akitabasamu.

"Usiogope, Kifungo wangu. Ni tundu moja tu, hapo kitovuni. Hata kovu halitaonekana."

"Moja tu, mama? Kweli?"

"Haki ya Mungu."

Nilipozinduka nilipapasa tumbo. Kulikuwa na bandeji tatu.

Daktari alipopita, nilimuuliza kwa hasira kwa nini amenidanganya. Alishangaa.

"Mama yako nilimweleza. Tunaanza na tundu moja, na wengi linawatosha. Lakini kidole tumbo chako kilikuwa kimenata nyuma ya utumbo, na vifaa vyote vikipita tundu moja vinagongana. Ningeng'ang'ania, ningeweza kukutoboa utumbo. Nikaongeza mawili madogo, ili uwe salama."

Nilimgeukia mama. Alikuwa ameinamisha uso. Kumbe alijua! Iliniuma kuliko vidonda. Mama yangu mzazi, tena kwa kiapo, alikuwa amenifanya mteja.

Muuguzi alisema ni vizuri nianze kutembea ili nipone haraka. Mama akaninyooshea mkono.

"Nitatembea kesho," nikamwambia.

Mama aliurudisha mkono wake. Machozi yakamtoka, akaketi ukingoni mwa kitanda.

"Nimestahili," alisema. "Nilitaka usiogope, nikakupa neno tamu nikaficha lile la kweli. Sasa huniamini, na kosa si lako. Ukimpenda mtu, mwambie ukweli wote, hata kama utamtisha, kisha umshike mkono aogope akiwa nawe. Nisamehe, mwanangu."

Bado nilikuwa na kinyongo.

"Makovu yataonekana?" niliuliza mwishowe.

Nilimwona akitaka kutabasamu. Akajizuia.

"Lile la kitovuni halitaonekana. Hayo mawili yataonekana, mwanangu."

Nikampa mkono, tukatembea polepole hadi dirishani.