Kipande Kilichogeuka Chekundu

Kila asubuhi Sigrun Halldorson alimlisha mbwa wao, akavaa buti zake na kukimbilia basi la shule, mkate ungali mdomoni. Asubuhi hiyo, kwa ajili ya somo la sayansi, alibeba pia bahasha ya vipande vya plastiki ya buluu, vyembamba kama ganda la kitunguu. Baba yake alifanya kazi katika maabara iliyovitengeneza. Kipande kikigusa bakteria wengi, hugeuka chekundu.

"Usiviweke penye joto," Baba alimwonya. "Joto nalo huvigeuza."

"Nimesikia, Baba!" alijibu, mguu mmoja uko nje kwenye theluji.

Shuleni alibandika kipande kimoja kwenye kitasa cha mlango, kingine kwenye ubao wa kukatia nyama wa Bi Hrycak, mpishi wao. Cha kitasa kilibaki buluu. Cha jikoni kilikuwa kimelowa, basi akakianika juu ya kipasha joto cha darasani, akaendelea kuchora jedwali lake la matokeo. Alipogeuka, kilikuwa chekundu kama nyanya.

"Mwalimu! Jikoni kuna bakteria!"

Mwalimu Desjarlais hakutaka kubahatisha afya ya watoto. Jiko likafungwa, supu ikamwagwa, wanafunzi wakala biskuti kavu.

"Leo Bi Hrycak alitaka kutulisha vijidudu!" Colby, mwanafunzi mwenzake, alidakia. Darasa zima likaangua kicheko.

Kupitia mlangoni, Sigrun alimwona mpishi akivua aproni taratibu, akipangusa macho kwa ncha yake. Mama huyo aliamka alfajiri kila siku kuwapikia.

Hapo maneno ya Baba yakamrudia. Hakuna aliyemwona akianika kipande kile. Akinyamaza, nani atajua? Akaweka biskuti yake chini, akasimama.

"Mwalimu, nilikianika juu ya kipasha joto. Nilikatazwa, nikasahau."

"Kumbe mwanasayansi mwenyewe ndiye aliyechemsha!" Colby akacheka.

Mwalimu hakucheka. Walichukua vipande vitatu vipya, wakavibandika kwenye ubao uleule, kisha wakaviweka mezani, mbali na joto, wakasubiri. Nusu saa ikapita. Vyote vikabaki buluu.

Sigrun alikwenda jikoni.

"Bi Hrycak, nisamehe. Nimekuchafulia jina bure."

Mpishi akamvutia kiti.

"Umeniumiza, mwanangu, sikufichi. Nimepika hapa miaka kumi na tisa." Akashusha pumzi. "Lakini ungeweza kunyamaza, nami ningeondoka na aibu isiyo yangu. Jina la mtu ni kama sufuria: masizi hulishika mara moja, kulisugua ni kazi ya kutwa. Wewe umeanza kusugua mapema. Kesho urudi upime tena ubao wangu, na upime kama ulivyoelekezwa. Ukikosea, sema upesi, kabla mwingine hajalipia kosa lako."